Vidole vya Nani Vilipimwa? Kuchagua Vitabu vya Bayometriki na vya Uwepo wa Mbali kwa Maktaba za Mtwara

Utambuzi wa bayometriki ni kazi ya kumjua mtu kwa mwili wake: alama za vidole, sura, mboni ya jicho, sauti, hata mwendo. Teknolojia ya uwepo wa mbali huelekea upande mwingine: humwezesha mtu kuona, kusikia, kusema na pengine kushika mahali ambapo mwili wake haupo. Fani ya kwanza inaudai mwili, ya pili inauacha nyumbani. Kwenye rafu za taaluma hukaa mbalimbali, moja kwenye kompyuta na usalama, nyingine kwenye roboti na mawasiliano. Mkutubi wa chuo au wa maktaba ya mkoa aliyepewa fungu dogo la fedha hukutana nazo kwa pamoja, maana zote mbili zimefika Mtwara kabla ya vitabu vyake.

Bayometriki ilifika kwa nguvu. Mashine za BVR za uandikishaji wa wapiga kura zilizunguka nchi nzima mwaka 2015. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, iliyoundwa mwaka 2008, ilianza kutoa vitambulisho mwaka 2013, na namba yake ya tarakimu 20 leo huulizwa benki, kwenye mikopo na kwenye ajira. Kilichomfikia kila mtu, hata asiyepiga kura wala kukopa, ni laini ya simu. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019. Ukomo wake ulikuwa 31 Desemba mwaka huohuo, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, kisha laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Toka Mikindani hadi Msimbati, "kuweka kidole" likawa neno la kila siku.

Kidole hicho ndicho kipimo kizuri cha kuchagulia vitabu, na kwa pwani hii kidole chenyewe ni cha mbanguaji wa korosho. Ganda la korosho lina matabaka mawili, na baina yake, ndani ya vitundu kama vya sega la nyuki, mna mafuta meusi makali yanayobabua ngozi. Mbanguaji hupaka majivu au mafuta mikononi kabla ya kuketi, lakini msimu ukikolea ncha za vidole huwa nyeusi, hukakamaa, halafu huchunika. Mama wa namna hiyo akifika kwa wakala wa simu hukifuta kidole kwenye kanga na kukiweka juu ya kioo. Wakala hukibonyeza kwa kidole chake mwenyewe ili kitulie. Mashine inakataa. Hujaribiwa gumba, kisha shahada, kisha mkono wa pili. Kioo hupuliziwa na kufutwa kwa pindo la shati. Foleni nyuma yake inaanza kuguna. Jina la tatizo hilo mtaani ni fupi: kidole kimegoma.

Hakuna kilichogoma, na kitabu kizuri ndicho kinachoeleza kwa nini. Mashine hailinganishi vidole kama picha za kutazamwa. Hutafuta mahali ambapo mistari ya ngozi hukatika au hugawanyika panda, huandika nafasi na mwelekeo wa kila nukta ya namna hiyo, na orodha hiyo ndiyo kiolezo kinacholinganishwa. Mistari ikiwa imebabuka, nukta za kweli hupotea na makovu huzaa nukta za uongo. Ngozi iliyolowa na kukunjamana ya mkulima wa mwani, na ile iliyolika ya mvunja kokoto au ya bibi wa miaka 75, huleta shida ya aina hiyohiyo. Ulinganishaji wenyewe hautoi jibu la ndiyo au hapana. Hutoa alama za kufanana, na mtu fulani ofisini ameamua kizingiti kiwekwe wapi. Kikipandishwa, walaghai wachache watapita na wenye haki wengi watakataliwa. Kikishushwa, mambo hugeuka. Makosa hayo mawili, kukubali kimakosa na kukataa kimakosa, yamefungwa kwenye mzani mmoja, na mwandishi wa kitabu cha bayometriki asiyeyaweka mbele kabisa anauza mashine.

Kazi kubwa ya marejeo kuhusu alama za vidole ni *Handbook of Fingerprint Recognition* ya Davide Maltoni na wenzake, iliyotoka mwaka 2003, ikarudiwa 2009 na tena 2022. Ni kitabu cha uaminifu, na sura zake za jinsi picha inavyosafishwa na nukta kutafutwa hazina mshindani. Waandishi wake ni miongoni mwa walioendesha mashindano ya kimataifa ya kulinganisha programu za alama za vidole, yakiwemo ya mwaka 2000, 2002 na 2004, ambayo kanzidata zake zilitumika baadaye katika makala zisizo na idadi. Hapo ndipo msomaji wa Mtwara anapaswa kusimama kidogo. Vidole vilivyopigwa picha kwa mashindano hayo matatu vilikuwa kwa sehemu kubwa vya wanafunzi wa chuo kikuu, vijana wa miaka ya ishirini. Ni vidole vya kushika kalamu. Asilimia za makosa zilizopatikana kwao ni za kweli kwao. Kuzihamishia kwa wabanguaji wa Newala au wachimba chumvi wa pwani ni kukisia. Waandishi walieleza wazi vidole vilitoka wapi. Kosa hufanywa na vitabu vya baadaye vinavyonakili asilimia na kuacha maelezo.

Upande wa sura kasoro imejitokeza hadharani zaidi. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu za kibiashara za kutambua jinsia kwa sura, wakakuta makosa ya hadi asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, ilhali kwa wanaume weupe hayakuzidi asilimia 0.8. Mwaka uliofuata Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST, ilichapisha ripoti juu ya programu nyingi za kulinganisha sura, na miongoni mwa waliokosewa zaidi kwa kufananishwa na watu wengine walikuwa Waafrika wa Magharibi na wa Mashariki. Kitabu cha utambuzi wa sura kilichoandikwa kabla ya hapo bado kinaweza kufundisha hisabati yake, lakini sura yake ya usahihi haifai kutegemewa.

Kuna hesabu moja ambayo kila kitabu cha kufundishia kinapaswa kuwa nayo, na inashangaza jinsi vilivyo vingi visivyonayo. Kumthibitisha mtu ni kulinganisha kidole chake na kiolezo kimoja, kile cha namba aliyoitaja. Ndivyo inavyofanyika anaposajili laini. Kumtambua mtu asiyetaja namba ni kukilinganisha na violezo vyote. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.6 katika Mkoa wa Mtwara. Tuseme mashine hukosea kufananisha mara moja tu katika ulinganishaji 100,000, kiwango ambacho muuzaji angekitangaza kwa fahari. Kwa uthibitishaji ni usahihi mkubwa. Kwa utambuzi, kidole kimoja kilichotupwa katika kanzidata ya mkoa mzima kingerudi na majina 16 yasiyohusika. Anayetaka kuonyesha mashine moja ikifanya kazi zote mbili kwa ubora uleule hajafanya hesabu hiyo, au ameifanya akaificha.

Kwa mwanafunzi, wanaoieleza tofauti hii kwa utaratibu ni Anil Jain, Arun Ross na Karthik Nandakumar katika *Introduction to Biometrics* ya mwaka 2011. Kitabu hicho kinadai takwimu za kiwango cha kidato cha sita na uvumilivu. Vifaa vinavyoelezwa humo vimezeeka, misingi haijazeeka. Pamoja nacho kuna ripoti ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ya mwaka 2010, *Biometric Recognition: Challenges and Opportunities*, inayosema bila kupepesa macho kwamba mifumo hii yote huenda kwa kubahatisha kulikopimwa, na kwa hiyo lazima ikosee. Ripoti hiyo hupakuliwa bure mtandaoni, kama zilivyo ripoti za NIST. Kwa mji ambao maduka yake ya vitabu huishi kwa vitabu vya shule, na ambako kitabu cha taaluma huagizwa kupitia Dar es Salaam kwa bei inayoweza kupita dola 100, jambo la bure na zuri halipaswi kuwekwa mwishoni mwa orodha.

Uhandisi, hata hivyo, hauelezi kwa nini kidole kiliombwa. Hapo vinahitajika vitabu vya historia, na fani hii ina bahati ya kuwa na kimoja kilichoandikwa kutoka Afrika: *Biometric State* cha Keith Breckenridge, cha mwaka 2014. Hoja yake ni kwamba utawala wa alama za vidole haukuzaliwa Ulaya ukaletwa ukiwa umekomaa. Ulikuzwa makoloni, hasa Afrika Kusini. Edward Henry, aliyepanga mfumo wa kuainisha alama hizo Bengal kwa msaada mkubwa wa wasaidizi wake Azizul Haque na Hem Chandra Bose, alipitia Johannesburg kabla ya kuingia polisi ya London. Katika Transvaal, Wahindi walioongozwa na Gandhi walikataa sheria ya kuwaandikisha kwa vidole, na mwaka 1908 wakachoma vyeti vyao hadharani.

Msomaji wa Kiswahili ana neno lake la kuingilia habari hiyo: kipande. Kenya, kuanzia miaka ya 1920, kipande kilikuwa karatasi yenye alama ya kidole, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni mwa mwanamume Mwafrika, kumfuatilia kazini. Tanganyika neno hilohilo lilikuwa kadi ya siku thelathini za kazi kwenye mashamba ya mkonge, ambako vibarua wengi walitoka kusini na ng'ambo ya Ruvuma. Neno moja, mifumo miwili: mmoja ulihesabu siku, mwingine ulimfunga mtu. Mwandishi wa kigeni anayeichanganya, na wapo, amejionyesha kwamba hakufika.

Kabla ya kipande pia mwili ulisomwa. Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma walichanja nembo usoni, na mzee mwenye nembo alijulikana atokako bila kuulizwa. Kulinganisha nembo na alama za vidole ni mazoezi mazuri ya darasani kuliko sura nyingi za falsafa. Nembo ilitolewa na jamaa wa mtu na ilisomeka na yeyote mwenye macho. Alama ya kidole mtu huzaliwa nayo, lakini husomwa na mtaalamu au mashine ya mwingine tu, na mwenyewe hawezi kuisoma.

Mpaka wa Ruvuma unafunza jambo jingine ambalo vitabu vya uhandisi huliruka. Mashine humtambua mtu kuwa ni yuleyule wa jana. Haisemi ni raia wa wapi. Kabla kidole hakijafika kwenye kioo cha NIDA, fomu hupitia serikali ya mtaa au kijiji na afisa uhamiaji, na pale ndipo penye kazi kwa kijiji chenye shangazi Palma, ng'ambo ya mto, na mjomba Kilambo, upande huu. Tangu mapigano ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, yaanze mwaka 2017, maswali ya mpakani yamekuwa mazito zaidi. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Wamakonde wa Kenya, wazao wa vibarua waliotoka Msumbiji na kukaa Kwale kwa vizazi bila kitambulisho chochote. Walitembea hadi Nairobi Oktoba 2016, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la nchi hiyo. Vidole vyao vilikuwa vilevile kabla na baada. Kilichobadilika ni uamuzi wa serikali.

Kuhusu sheria, kitabu chochote kilichochapishwa kabla ya 2023 kinahitaji nyongeza ya karatasi ndani ya jalada: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inazihesabu taarifa za bayometriki kuwa nyeti. Vitabu vya Ulaya vinavyojaza kurasa mia kwa sheria ya Umoja wa Ulaya vitamfaa wakili, si karani wa halmashauri.

Vitabu vya uwepo wa mbali vina ugonjwa tofauti: huzeeka kama magazeti. Neno la asili, *telepresence*, lilienezwa na Marvin Minsky katika makala ya mwaka 1980, akiwaza mfanyakazi anayekaa mahali salama huku mikono ya chuma ikifuatisha kila mjongeo wake ndani ya mgodi au kinu cha nyuklia. Mwaka 2006 kampuni ya Cisco ikauza vyumba vya mikutano vyenye skrini kubwa chini ya jina hilohilo, na kwa miaka kadhaa wachapishaji wakatoa vitabu kana kwamba fani yote ni meza na kamera. Korona ya 2020 ikaonyesha kwamba simu ya mkononi ingetosha. Vitabu vya kipindi hicho cha vyumba vya mikutano vinauzwa rahisi leo, na bado ni ghali.

Uwepo wa mbali kwa maana ya Minsky umefanyika kweli katika bahari ya kusini mwa Tanzania, ingawa kwa wengi haukuonekana. Visima vya gesi vya kina kirefu, kama Zafarani ya mwaka 2012, vilichimbwa mahali ambapo maji yana kina cha zaidi ya meta 2,000, mbali na uwezo wa mzamiaji yeyote. Kazi ya chini hufanywa na roboti iliyofungwa kwa waya mrefu, na rubani wake hukaa juu ya meli akitazama skrini, mkono kwenye usukani mdogo. Hashiki kitu, lakini anafunga valvu. Msomaji anayetaka kuelewa kazi hiyo atafute *Telerobotics, Automation, and Human Supervisory Control* ya Thomas Sheridan, ya mwaka 1992. Umri wake usimtishe mtu. Maswali ya Sheridan, lipi mashine iamue yenyewe na lipi imwachie binadamu, na nini hutokea amri inapochelewa kufika, hayakubadilika. Ishara inayopitia setilaiti ya mbali, iliyo kilomita 36,000 hivi juu, hutumia karibu nusu sekunde kwenda na jibu kurudi. Nusu sekunde hiyo inatosha kuwafanya wazungumzaji wawili waanze kusema kwa pamoja, wanyamaze kwa pamoja, waanze tena.

Kitabu cha pili kinachostahili nafasi ni *The Robot in the Garden* kilichohaririwa na Ken Goldberg mwaka 2000. Goldberg na wenzake waliwahi kutengeneza bustani ambayo watu wa mtandaoni waliipanda na kuimwagilia kupitia mkono wa roboti, na maswali ya kitabu yanatokana nayo: anayetazama kwa mbali anajuaje kwamba bustani ipo?

Swali hilo si la mzaha kwa mkulima wa korosho. Zamani zabuni za wanunuzi zilifunguliwa mbele ya wakulima, karatasi kwa karatasi. Tangu msimu wa 2024/2025 minada imekuwa ikiendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na mkulima hutazama bei zikipanda kwenye skrini huku mnunuzi yuko asikokujua. Mahakama nazo, kwa kanuni za mwaka 2021, huweza kusikiliza kwa video shahidi aliye mkoa mwingine. Hapo fani zote mbili hukutana: aliye kwenye skrini ni nani, na nani amehakikisha? Vitabu vichache vinaliuliza swali hilo kwa pamoja, na kwa sasa mwalimu atalazimika kuliunganisha mwenyewe kutoka rafu mbili.

Kipimo cha kidole kina mwenzake huku: mtandao wa nani ulidhaniwa? Vitabu vingi vya uwepo wa mbali huanza na waya usiokatika. Mwezi Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, SEACOM na EASSy, ilikatika baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikalegea kwa siku kadhaa. Kitabu kisicho na sura ya nini kifanyike mawasiliano yakikatika katikati ya upasuaji, ushahidi au mnada kimeandikwa kwa ajili ya mahali pengine.

Kwa hiyo fungu likiwa dogo, bayometriki itangulie, kwa sababu mkazi wa pwani hii anaweza kuishi bila kuingia mkutano wa video lakini hawezi kuwa na laini ya simu bila kuweka kidole. Ripoti ya 2010 na zile za NIST zipakuliwe na kuchapwa. Fedha zinunue Jain na wenzake nakala moja, na Breckenridge nakala mbili, kwa kuwa walimu wa uraia na wa historia watamgombania. Sheridan atafutwe nakala iliyotumika. Toleo la 2022 la Maltoni lisubiri hadi chuo kipate mwalimu wa uchakataji wa picha. Mkusanyo wa makala za makongamano usinunuliwe kabisa. Na kabla ya kulipia kitabu kingine chochote cha bayometriki, mkutubi afungue faharasa atafute watu ambao mashine ilishindwa kuwaandikisha. Wasipokuwemo, akirudishe.